Sura ya Sita: Pa Kutua Mzigo

Mpagazi wa Kinyamwezi alipofika kituoni jioni, macho yake yalitafuta kwanza pa kutua mzigo. Begani alikuwa na frasila mbili hivi, yaani kilo 32, za pembe au za jora za nguo, na juu ya hizo mkeka wake, chungu chake na kibuyu cha maji. Mtu aliyebeba uzito huo tangu alfajiri huitambua nyumba ya ukarimu kabla hajakaribishwa. Ina mahali pa kuegesha mzigo, ina kivuli, ina maji, na ina watu wenye habari za njia iliyo mbele.

Mambo hayo manne ndiyo kipimo changu katika sura hii, na kitu nitakachokipima ni ofisi.

Tangu Uviko-19 ilipowafungia watu majumbani mwaka 2020, waajiri wengi duniani wamebaki na desturi ya kazi mseto: siku mbili tatu ofisini, zilizobaki nyumbani au popote palipo na intaneti. Mfanyakazi aliyeonja kufanya kazi barazani kwake haji tena ofisini kwa sababu ana meza huko. Meza anayo. Ndiyo maana wenye majengo katika miji mikubwa ya dunia wameanza kuiga hoteli: sofa mapokezini, kahawa ya bure, taa za rangi ya machweo. Wameuita mtindo huo ukarimu. Tabora, iliyoishi kwa kupokea wasafiri katika karne ya 19, ina haki ya kuuliza swali la mwenyeji: huyo mgeni mmemtua mzigo?

Mji wa watu wa kupita

Njia kuu ya misafara ilianza Bagamoyo, ikakatiza Ugogo na pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, ikaingia Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo. Hapo ndipo ilipogawanyika. Waliokwenda magharibi walishika njia ya Ujiji, wa kaskazini Karagwe na Buganda, na wa kusini-magharibi nchi za ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kila msafara ulisimama Unyanyembe kulipa wapagazi, kuajiri wengine, kununua chakula na kuuguza wagonjwa. Wengine walikaa wiki, wengine miezi. Serikali ya Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ni mojawapo ya vituo vilivyotajwa.

Wapagazi wenyewe walikuwa na utaratibu ambao leo tungeuita kazi mseto. Wengi wao walitoka kiangazi, wakashuka pwani, wakajitahidi kurudi mvua za kwanza zikianza kugonga udongo ili washike jembe. Msafara uliochelewa kuondoka ukakutana na msimu wa kulima ulikosa watu hata ukiongeza ujira. Huyu alikuwa mfanyakazi mwenye makao mawili na kalenda yake mwenyewe, na tajiri aliyetaka huduma yake alilazimika kuijua kalenda hiyo.

Sasa mtazame ndugu yake wa leo. Afisa ugani analala Sikonge siku tatu kwa juma kwa sababu wafugaji nyuki wake wako huko. Mhasibu familia yake iko Mwanza. Mkuu wao yuko Dodoma na huonekana kwenye skrini. Kipande cha reli ya SGR kati ya Makutupora na Tabora, kilomita 368, kinajengwa. Siku treni zake zitakapofika, watu wa aina hii wataongezeka, kama ilivyokuwa reli ya Wajerumani ilipoingia Tabora mwaka 1912. Wakija, hawatahitaji jengo la kuwafungia kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Watahitaji kituo.

Nyumba inayolijua jua

Mjenzi wa kituo cha zamani alikuwa na jibu lake, nalo ni tembe. Kuta zake zilikuwa za udongo, nene. Paa lilikuwa bapa, boriti na fito zilizofunikwa kwa udongo ulioshindiliwa. Vyumba vilizunguka ua, na mbele palikuwa na baraza. Tembe la Kwihara, ambamo Henry Morton Stanley na David Livingstone waliishi mwaka 1872, limejengwa upya na leo ni makumbusho. Ukiingia humo saa saba mchana mwezi wa Oktoba, wakati Tabora inaungua ikisubiri mvua, utaona ngozi yako inaelewa jambo kabla ya akili.

Jambo lenyewe ni hili. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto polepole. Jua linaloupiga saa sita linahitaji saa nyingi kupenya hadi ndani, na likifika tayari ni jioni, na upepo wa usiku unaliondoa. Tofali jembamba la saruji chini ya bati tupu halina subira hiyo: likipigwa jua, nanyi ndani mmepigwa. Ndipo kinanunuliwa kiyoyozi, LUKU inaliwa, na umeme ukikatika watu wote wanatoka nje kusimama chini ya mwembe. Mwembe huo, mara nyingi, ndiyo sehemu pekee ya kiwanja iliyofanya kazi yake siku hiyo.

Tabora iko nyuzi tano hivi kusini mwa Ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na miezi mingine huegemea kaskazini au kusini kidogo tu. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini hukingwa kwa urahisi na upenu wa mita moja na nusu. Wa mashariki na wa magharibi hakuna upenu unaowaokoa, kwa kuwa asubuhi na alasiri jua huja limelala. Jengo la ofisi na lilazwe mashariki hadi magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini, na upande wa machweo viwekwe ghala, vyoo na ngazi. Hakuna kifaa cha kununua hapo. Ni kugeuza ramani tu kabla msingi haujachimbwa. Lakini hebu pita katika miji yetu uhesabu majengo mapya yaliyovaa vioo na alumini upande wa magharibi.

Sisemi turudi kwenye tembe lilivyokuwa. Lilikuwa na giza, paa lake lilivuja masika, mchwa walikula boriti zake, na papasi waliojificha sakafuni waliwapa wageni homa. Cha kurithi ni akili yake: uzito ukutani, kivuli mbele, ua katikati. Wabunifu wa Afrika wa zama hizi wameshaonyesha njia. Eastgate ya Harare, jengo la ofisi na maduka alilobuni Mick Pearce na kukamilika mwaka 1996, hupitisha hewa baridi ya usiku katika uzito wa zege na kuutumia ubaridi huo mchana, bila mtambo wa kawaida wa kiyoyozi. Karibu nasi zaidi, kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya, Francis Kéré alikamilisha mwaka 2021 chuo na mahali pa kazi pa vijana wa teknolojia, Startup Lions. Minara yake mirefu hutoa hewa ya moto juu huku hewa baridi ikiingia kwa matundu ya chini. Wote wawili walijifunza kwa kichuguu. Mtu wa Tabora asafiri kwenda wapi kutafuta kichuguu?

Udongo nao una hesabu yake. Saruji peke yake hutoa kama asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Tofali la kuchoma, tunalolipenda kwa wekundu wake, hula magogo ya miombo tanurini, na miombo ya Tabora tayari imelemewa na mabani ya kukaushia tumbaku. Lipo tofali la tatu, la kufungamana, lililohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi: udongo uliopimwa, saruji kidogo, mashine ya kugandamiza kwa mkono, kisha kivuli na maji ya kumwagilia hadi likomae. Halichomwi. Kwa kuwa hushikana lenyewe kwa lenyewe, hutumia chokaa kidogo cha kujengea. Juu yake weka bati lenye dari nzuri na nafasi ya hewa katikati, kisha kinga mifereji. Tabora hupata mvua ya kama milimita 900 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Paa la mita za mraba 200 hupokea lita 180,000 hivi kabla ya upotevu. Matangi ni gharama, lakini mwezi wa Septemba yatakulipa.

Hodi nne

Somo kubwa zaidi la tembe liko katika mpango wa vyumba. Ukifika, unakaa barazani. Baraza ni la kila mtu: mwenye shughuli, mpita njia, mwenye deni. Ukipigiwa karibu ya pili unaingia sebuleni. Ukiwa mtu wa nyumba unafika uani, kunakopikwa na kuchekwa. Chumba cha ndani ni cha mwenyewe. Kila hatua ina hodi yake, na kila hodi inampa mgeni heshima na kumpa mwenyeji nafasi ya kupumua.

Ofisi ya ukumbi mmoja, iliyoenea duniani kwa jina la uwazi, imeua hodi zote. Anayetafuta saini, anayepiga simu, anayekokotoa mishahara na anayekula mahindi wamewekwa chumba kimoja, nao hujificha ndani ya vipokea sauti vya masikioni. Mtu wa kazi mseto akilinganisha kelele hiyo na utulivu wa nyumbani, uamuzi wake unajulikana.

Basi jenga kwa hodi. Baraza pana upande wa barabara, lenye viti, maji ya kunywa na mahali pa kuchaji simu. Sebule ya kazi za pamoja. Ua wenye mti, jiko na meza ndefu. Na vyumba vidogo vya ndani, vya kufunga mlango, kwa anayetaka kuandika au kuzungumza na Dodoma bila kusikika mtaa mzima. Utulivu wa Kwihara ulizaa maandishi yaliyokwenda mbali. Livingstone, akingoja wapagazi kutoka pwani baada ya Stanley kuondoka Machi 1872, aliandika humo barua kwa gazeti la Marekani, na maneno yake dhidi ya biashara ya watumwa ndiyo yaliyochongwa kwenye kaburi lake katika Westminster Abbey.

Mapokezi nayo yatazamwe upya. Zamani neno hongo lilikuwa na maana ya ushuru wa kupita katika nchi ya mtu, na Ugogo ilisifika kwa kuutoza. Ofisi zetu nyingi bado zinatoza hongo ya aina yake: andika jina, andika utokako, acha kitambulisho, simama hapo. Usalama ni muhimu, lakini mtu na aandikwe akiwa ameketi na ameshapewa maji.

Viti vingapi?

Tuchukue mfano wa ofisi yenye watu 36, kila mmoja akija siku tatu kati ya tano. Hesabu ya haraka inasema 36 mara tatu, gawa kwa tano, unapata kama 22 kwa siku. Mhasibu atafurahi na kuagiza viti 22. Jumanne ya kwanza watakuja 34, kwa sababu Jumanne kuna mkutano, na Ijumaa watakuja tisa. Misafara pia haikuja kwa wastani. Ilikuja kwa mkupuo, na kituo kilichojengewa wastani kililaza watu mvuani.

Dawa ni kujenga ndani kwa siku ya kawaida na kuyaachia baraza na ua siku ya mkupuo. Meza 20 ndani, zenye kiti kizuri na umeme wa uhakika. Nafasi nyingine 15 barazani na chini ya mti, meza imara, soketi iliyokingwa mvua, intaneti inayofika. Mita ya mraba ya baraza hugharimu kidogo kuliko ya chumba, haihitaji kiyoyozi, na mchana haihitaji taa. Katika mji wenye miezi sita ya ukavu, kutolitumia baraza ni kuchezea mali. Samani nazo zitengenezwe na mafundi wa mji, kwa mbao zenye kibali, na ziungwe kwa namna ya kufunguka, ili mguu ukivunjika ubadilishwe mguu na meza ibaki.

Lakini ukimnyima mtu meza yake ya kudumu, unamdai kitu mbadala. Kitu hicho ni kabati lenye ufunguo. Stanley na Livingstone walipowasili kutoka Ujiji Februari 1872, walifungua masanduku ya Livingstone yaliyokuwa yakimngoja na kukuta mengine yamechokolewa, mali imepungua. Kituo kinachopoteza mzigo wa msafiri kimepoteza jina. Mfanyakazi anayebeba kompyuta, faili, viatu vya shamba na chakula kila siku kwa sababu hana pa kuviacha amegeuzwa mpagazi, na siku moja atauliza ujira wa kubeba.

Habari za njia

Vijiji vya Wanyamwezi vilikuwa na nyumba iitwayo iwanza. Burton, msafiri Mwingereza aliyepita huko miaka ya 1857 na 1858, aliona mbili kila kijiji, ya wanaume upande mmoja na ya wanawake upande wa pili. Ya wanaume ilikuwa na kitanda kirefu cha pamoja, moto, na mikuki na pinde zimetundikwa darini. Humo walishinda, wakavuta tumbaku, wakapashana habari. Usiidharau nyumba hiyo kwa kuiona ya wavivu. Katika nchi isiyo na simu, aliyeshinda iwanza ndiye aliyejua maji yamekauka wapi na vita imehamia wapi.

Habari ndiyo sababu ya kweli ya kuja ofisini, na bila hiyo kazi mseto huoza. Tabora ina kisa chake. Julai 1858 Burton na msafiri mwenzake Speke, waliokuwa wamerudi Kaze, kituo cha Unyanyembe, kutoka Ziwa Tanganyika, waligawana kazi. Burton alibaki kituoni akikusanya maelezo na msamiati kwa msaada wa mwenyeji wake, Snay bin Amir. Speke akaenda kaskazini. Tarehe 3 Agosti akaona ziwa kubwa, akarudi na imani kwamba amepata chanzo cha mto Nile. Burton hakukubali. Mmoja alikuwa na ushahidi wa macho na vipimo vichache, mwingine alikuwa na vitabu, hoja na siku nyingi za kukaa. Ugomvi wao uliendelea hadi Uingereza, na Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo uliotazamiwa kati yao.

Hakuna jengo lingewapatanisha. Hata hivyo kisa hiki kinafundisha ubaguzi ambao kila ofisi ya mseto huuzalisha: aliyeko kituoni huandika ripoti, na aliyeko njiani huonekana anabahatisha. Mbunifu anaweza kupunguza dhambi hiyo. Meza ndefu ya uani iwekwe mahali ambapo anayetoka Sikonge na vumbi lake hana budi kuipita akienda kunywa maji, na chai iwepo saa ile magari ya shamba yanaporudi. Kwenye chumba cha mkutano, skrini ya walio mbali isiwekwe juu ukutani kama picha ya marehemu. Iwe kimo cha mtu aliyeketi, na maikrofoni imsikie anayezungumza kwa sauti ya chini.

Nani anachemsha chai?

Nimeusifu ukarimu wa Unyanyembe, na sasa lazima niseme nani aliulipia. Snay bin Amir, aliyewapokea Burton na Speke kwa nyumba na kitoweo, alikuwa tajiri wa pembe na watumwa. Maji ya mgeni yalitekwa na mtu ambaye hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Baraza lile zuri lilifagiliwa na mikono iliyonunuliwa. Anayeandika juu ya ukarimu wa njia hii na kuinyamazia habari hiyo anamtua mzigo mgeni na kumtwika mwingine.

Ofisi yetu haina watumwa, ila ina watu wasioonekana kwenye michoro. Mhudumu anayefika saa kumi na mbili asubuhi hana kiti, hubadilisha nguo stoo kati ya ndoo na mifagio. Mlinzi wa usiku ana kigoda na mvua. Mama anayeleta chakula huuza nje ya geti, juani. Neno kazi mseto haliwahusu, kwani chai haichemshwi kwa mtandao. Kadiri wenzao wanavyopata uhuru wa kukaa nyumbani, wao ndio wanaobaki kuwa ofisi yenyewe: wanaojua ufunguo uko wapi, nani alikuja jana, bomba gani linavuja.

Kwa hiyo mchoro wa ofisi uanzie kwao. Chumba cha mhudumu kiwe na dirisha na kabati lenye ufunguo kama la meneja. Kibanda cha mlinzi kiwe na upenu uleule wa mita moja na nusu. Mama lishe apewe kona ya ua yenye maji na jiko lisilo la mkaa, na wafanyakazi wale kwake badala ya kununua ukarimu wa paketi. Ukishawatua hao, waliobaki umewatua tayari. Hoteli nzuri huijui kwa sofa za mapokezi. Utaijua ukipita mlango wa nyuma.

Waswahili wana neno lao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulitumia kumfukuza mtu kwa adabu, lakini katika nchi ya Wanyamwezi, ambako jembe lilifuliwa, likauzwa na kutolewa kuwa mahari, kumpa mtu jembe ni kumwingiza katika nyumba. Mfanyakazi wa siku tatu kwa juma anafaa kupewa heshima hiyo. Siku ya kwanza akaribishwe, siku ya pili ahudumiwe. Siku ya tatu aoshe kikombe chake na cha mwenzake, amwagilie mche wa mwembe uani, na akae mapokezini nusu saa mhudumu akapumzike. Mhudumu naye, kwa nusu saa hiyo, awe na kiti cha kukalia.